Mfumo Endeshi Unagoma Kwenye Mashine Pepe? Tazama Kwanza Umefia Wapi

Fundi akikwama kuendesha mfumo endeshi ndani ya mashine pepe, kauli inayotoka haraka ni hii: "jukwaa hili haliukubali mfumo huu." Windows 11 imegoma kwenye VirtualBox, basi VirtualBox haiiwezi. Rocky Linux imeanguka kwenye Proxmox, basi Proxmox ni bovu. Seva iliyokuwa ikitembea vizuri kwenye VMware imehamishiwa kwenye KVM na haioni diski yake, basi turudi tulikotoka. Kauli hiyo huwa kweli mara chache. Kwa kawaida jukwaa linaukubali mfumo, ila mashine uliyoitengeneza haifanani na ile ambayo mfumo unaitarajia. Prosesa imefichwa sehemu ya uwezo wake, au BIOS, programu ya zamani ya kuiwasha kompyuta, imewekwa palipotakiwa UEFI iliyoirithi, au diski imefungwa kwenye kidhibiti ambacho mgeni hana draiva yake, yaani programu ya kukitumia.

(Hapa chini "mashine pepe" ni kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta halisi, "jukwaa" ni programu inayoiendesha, kama VirtualBox, VMware, Hyper-V, KVM au Proxmox inayotumia KVM, "mwenyeji" ni kompyuta halisi pamoja na programu inayoendesha mashine pepe, na "mgeni" ni mfumo endeshi uliowekwa ndani yake.)

Maswali ya aina hii yameongezeka tangu Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware mnamo Novemba 2023. ESXi ya bure iliondolewa mwanzoni mwa 2024 na kurudishwa Aprili 2025, lakini wengi walikuwa wameshafunga virago kuelekea Proxmox au Hyper-V. Kuhama ndiko kunakofichua tofauti za majukwaa. Mgeni aliyezoea vifaa vya nyumba moja huingia nyumba nyingine na kukuta kila kitu kimebadilika jina.

Jambo la kwanza ni kuangalia amefia hatua gani. Hajawaka kabisa? Amefia kabla ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi? Keneli imeanza ikaanguka? Ameitafuta diski akaikosa? Au amefika hadi ndani lakini mtandao haupo? Kila hatua ina washukiwa wake, na ukijua hatua hutahangaika kubadili mipangilio kumi kwa mpigo. Kabla ya kugusa chochote, nakili faili la diski. Snapshoti (picha ya hali ya mashine unayoweza kuirudia) inatosha kwa majaribio madogo, lakini kwa mashine iliyohamishwa nakala kamili ndiyo salama.

Haianzi kabisa

Kwenye VirtualBox dalili huwa mbili. Ya kwanza, unataka kutengeneza mashine ya Ubuntu na orodha inakupa matoleo ya biti 32 peke yake. Ya pili, unawasha na kupata `VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED` kwenye prosesa ya Intel, au `VERR_SVM_DISABLED` kwenye AMD. Proxmox husema wazi zaidi: "KVM virtualisation configured, but not available." Wakati mwingine keneli ya mgeni ndiyo inayolalamika: "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU."

Mgeni hana kosa hapa. VT-x au AMD-V, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, imezimwa kwenye BIOS ya mwenyeji. Ingia humo, tafuta "Intel Virtualization Technology" au "SVM Mode", iwashe, hifadhi, kisha zima kompyuta kabisa badala ya kuianzisha upya tu. Kama ni laptopu ya mtumba, jaribu hili kabla hujailipia, maana BIOS ikiwa imefungwa kwa nywila ya ofisi ilikotoka utabaki na mashine isiyokufaa kwa kazi hii. Na ukikuta maelezo ya zamani mtandaoni yanayodai VirtualBox huweza kuendesha wageni wa biti 32 bila VT-x, yalikuwa kweli zamani. Njia hiyo iliondolewa kwenye toleo la 6.1.

Inawaka lakini inatambaa, na chini ya dirisha kuna kobe

Huyo kobe wa kijani kwenye VirtualBox ana maana yake. Mwenyeji ni Windows 10 au 11, na Hyper-V iliyomo ndani ya Windows imeshaishika VT-x, hivyo VirtualBox inalazimika kupitia kwake. Mgeni huenda polepole, husimama ghafla, na baadhi ya matoleo ya Linux hugoma kumaliza usakinishaji. Mwenye kompyuta huapa kwamba hajawahi kuwasha Hyper-V, na hasemi uongo: WSL2 (Linux ndani ya Windows), Docker Desktop, Windows Sandbox na hata kinga ya "Memory integrity" huiwasha bila kuuliza sana.

Lazima uchague. Ukitaka VirtualBox iende kwa kasi yake, zima "Memory integrity" ndani ya Windows Security, ondoa alama kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform na Windows Hypervisor Platform katika orodha ya "Windows features", kisha fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

`bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`

Anzisha upya. WSL2 na Docker zitakufa mpaka urudishe `auto` pamoja na alama ulizoondoa, na utakuwa umepunguza kinga ya Windows yenyewe, kwa hiyo usifanye hivi kwenye kompyuta ya mhasibu. VMware Workstation tangu toleo la 15.5.5 huweza kuishi pamoja na Hyper-V, ila ukitaka kuendesha mashine pepe ndani ya mashine pepe itakwambia "VMware Workstation does not support nested virtualization on this host." Kwa maoni yangu, anayehitaji WSL2 kila siku aache kupigana na kumweka mgeni wake kwenye Hyper-V hiyohiyo.

Skrini nyeusi, "no bootable", au Shell isiyoeleweka

Hapa mgeni amefia kabla ya keneli, na mshukiwa wa kwanza ni kutoelewana kati ya BIOS na UEFI. Diski iliyosakinishwa chini ya UEFI haiwaki kwenye mashine yenye BIOS, wala kinyume chake. Kwenye Proxmox yenye SeaBIOS (BIOS yake) utaona "Boot failed: not a bootable disk". Ukikosea upande wa pili, OVMF (UEFI yake) itakutupa kwenye "UEFI Interactive Shell". VirtualBox itasema "No bootable medium found!"

Jua mgeni alisakinishwa vipi kabla ya kumhamisha. Kwenye Linux, kama saraka ya `/sys/firmware/efi` ipo, ni UEFI. Kwenye Windows fungua `msinfo32` uangalie "BIOS Mode". Kama mashine imeshazimwa na huwezi kuiwasha, fungua faili la `.vmx` la VMware. Likiwa na `firmware = "efi"` umepata jibu, na lisipokuwa na mstari huo ni BIOS.

VirtualBox, VMware na Proxmox hukuruhusu kubadili hili baadaye. Hyper-V hairuhusu. Unapotengeneza mashine unaulizwa Generation 1 au Generation 2, na jibu lako ni la kudumu. Generation 1 ni BIOS na huwaka kutoka IDE. Generation 2 ni UEFI, huwaka kutoka SCSI, hutumia faili za diski za VHDX tu, na haipokei mgeni wa biti 32. Windows 7 na XP hazina nafasi kwenye Generation 2. Ukikosea, tengeneza mashine mpya ya kizazi sahihi na uiambatishe diski ileile, data haipotei.

Kuna aina nyingine ya kifo palepale, na hii huwapata sana wanaoweka Linux kwenye Hyper-V. Mashine ni Generation 2, ISO ni nzima, lakini inaandika "The signed image's hash is not allowed (DB)" au "The unsigned image's hash is not allowed (DB)". Secure Boot ya Hyper-V, kinga inayokagua saini ya kinachowaka, huanza na kiolezo kinachozitambua saini za Windows peke yake. Zima mashine, kisha kwenye PowerShell ya mwenyeji:

`Set-VMFirmware -VMName "seva1" -SecureBootTemplate MicrosoftUEFICertificateAuthority`

Ubuntu, Debian, RHEL (Red Hat Enterprise Linux) na ndugu zake zitawaka. Toleo la Linux lisilo na saini kabisa litahitaji Secure Boot izimwe.

Na kama umeweka UEFI sawasawa kwenye Proxmox lakini bado unaangukia kwenye Shell, huenda kumbukumbu ya UEFI iliyokuwa inaonyesha mahali pa kuanzia imebaki kwenye jukwaa la zamani. Ingia kwenye menyu ya OVMF, nenda "Boot Maintenance Manager", kisha "Boot From File", na uchague `shimx64.efi` au `grubx64.efi` ndani ya saraka ya EFI. Mfumo ukiwaka, sakinisha upya GRUB, programu inayoipakia Linux, ili njia iandikwe mahali pake.

Keneli inaanza, kisha inaanguka

Rocky Linux 9 au AlmaLinux 9 kwenye Proxmox ya zamani ndiyo mfano ulio wazi. GRUB inaonekana, unachagua, halafu: "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2", ikifuatiwa na kernel panic. Mtu huenda kuangalia seva yake, anakuta prosesa ni ya miaka ya karibuni kabisa, anashangaa.

Prosesa ya kweli haina tatizo. Mgeni haioni hiyo, anaona ile ambayo jukwaa limemchorea. Proxmox kabla ya toleo la 8 ilimpa mgeni aina iitwayo `kvm64`, prosesa ya kubuni iliyopunguzwa makusudi ili mashine iweze kuhama kati ya seva zisizofanana. RHEL 9 na mifumo inayojengwa kutoka kwake hutaka kiwango cha x86-64-v2, yaani maagizo kama SSE4.2 na POPCNT, ambayo `kvm64` haiyatangazi. Windows 11 24H2 nayo hudai SSE4.2 na POPCNT. VMware na Hyper-V huonyesha prosesa ya kweli au karibu na ya kweli, ndiyo maana mgeni huyohuyo kule hakulalamika.

Tiba ni mstari mmoja (101 ni namba ya mashine):

`qm set 101 --cpu host`

Hii humpa mgeni kila kitu kilichomo kwenye prosesa halisi. Gharama yake huonekana ukiwa na kundi la seva tofauti: mgeni aliyewashwa na `host` kwenye seva mpya akihamishwa bila kuzimwa kwenda seva ya zamani anaweza kuanguka njiani. Kwa kundi la namna hiyo chagua kiwango ambacho seva zote zinakifikia.

Proxmox 8 hupendekeza `x86-64-v2-AES` kwa mashine mpya, na wengi huamini kuwa tatizo limekwisha hapo. Halijaisha. Kiwango hicho hakina AVX, kundi jingine la maagizo ya prosesa. Hifadhidata ya MongoDB tangu toleo la 5.0 inahitaji AVX, kwa hiyo mfumo utawaka vizuri, utasakinisha MongoDB bila kikwazo, halafu huduma itakufa na "Illegal instruction". RHEL 10 nayo imepanda hadi x86-64-v3, ambayo kwa Intel ni kuanzia Haswell ya 2013. Hapo kama seva yako ni ya kabla ya hiyo, hakuna mpangilio utakaokuokoa. AlmaLinux 10 hutoa pia toleo la v2 kwa ajili ya vifaa vya zamani, na hilo ndilo la kutumia.

Faili linalofichua aina hii ya tatizo ni `/proc/cpuinfo` ndani ya mgeni. Soma mstari wa flags kule ndani, usisome kwa mwenyeji.

Inaitafuta diski haiioni

Hili ndilo linalokula usiku wa watu. Windows iliyohamishwa inaonyesha rangi ya bluu na `INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE`, au kwa matoleo ya zamani `0x0000007B`. Linux ya ukoo wa Red Hat inasubiri, inasubiri, halafu inakuacha kwenye `dracut:/#`. Na usakinishaji mpya wa Windows unafika mahali pa kuchagua diski na kukuta orodha tupu.

Sababu ni moja. Kila jukwaa lina kidhibiti chake cha diski: VMware ina PVSCSI na LSI Logic, Hyper-V ina chake kinachopita VMBus (njia yake ya ndani), KVM na Proxmox wana VirtIO. Keneli ya Linux ina draiva za vyote hivi kwa miaka mingi sasa. Windows inazo za Hyper-V, kwa kuwa mwenye mali ni mmoja, lakini haina za VirtIO. Ndiyo sababu kumhamisha Windows kutoka VMware kwenda Hyper-V huwa na kikwazo cha vizazi zaidi kuliko cha diski, wakati kwenda Proxmox diski ndiyo kikwazo.

Kwa usakinishaji mpya kwenye Proxmox, ambatisha ISO ya virtio-win kama CD ya pili. Pale palipo patupu bonyeza "Load driver", ingia `vioscsi`, kisha saraka ya toleo lako (`w11`, `2k22`), kisha `amd64`. Angalia hapa: kama diski umeiweka kwenye basi la SCSI lenye kidhibiti cha VirtIO SCSI, draiva ni `vioscsi`. Kama umeiweka kwenye basi liitwalo "VirtIO Block", draiva ni `viostor`. Ukipakia isiyo yake orodha itabaki tupu na utadhani ISO ni mbovu.

Kwa Windows iliyohamishwa, usianze na VirtIO. Ivue diski na uirudishe kwenye basi la SATA, kisha urekebishe "Boot Order" maana kubadili basi huondoa diski kwenye mpangilio wa kuwaka. SATA ikigoma jaribu IDE. Mfumo ukishawaka, ongeza diski ndogo ya GB 1 kwenye SCSI, ambatisha virtio-win, na uendeshe `virtio-win-guest-tools.exe`. Diski ndogo ina kazi yake: bila kifaa cha kweli mbele yake, Windows huihifadhi draiva lakini haiiweki miongoni mwa zile zinazopakiwa mapema wakati wa kuwaka. Ukiiona diski hiyo ndani ya Disk Management, zima mashine, iondoe, hamishia diski kuu kwenye SCSI, rekebisha tena Boot Order, washa. Watu huiruka hatua ya diski ndogo kwa kuwa walisakinisha draiva wakiwa bado VMware, kisha wanarudi kwenye rangi ya bluu.

Jambo la kufanya kabla ya kuondoka VMware: ondoa VMware Tools mkiwa bado huko. Ukishahama, kiondoaji chake huweza kugoma kwa madai kwamba hakimo ndani ya mashine ya VMware, na utabaki ukiing'oa vipande vipande kwa mkono.

Kwa Linux, ajabu ni kwamba Debian huhama bila shida pale ambapo RHEL, Rocky na Alma hukwama. Debian huweka draiva nyingi kwenye initramfs, faili dogo linalopakiwa pamoja na keneli wakati wa kuwaka. Dracut ya Red Hat, inayolitengeneza faili hilo, huweka zile tu za vifaa vilivyokuwepo siku ilipotengenezwa, hivyo VirtIO haimo. Kwenye menyu ya GRUB chagua mstari wenye neno "rescue", ambao umejengwa na draiva zote. Ukishaingia:

`dracut --regenerate-all --force`

Ukiwa mwangalifu, fanya kabla ya kuhama: `dracut --force --add-drivers "virtio_blk virtio_scsi virtio_pci virtio_net"`. Chungulia pia `/etc/fstab`. Palipoandikwa `/dev/sda2` weka UUID (namba ya utambulisho isiyobadilika), kwa sababu kwenye VirtIO Block diski hiyo itaitwa `vda`.

Proxmox tangu 8.2 ina kiingizaji kinachovuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi. Ni kizuri na kinaokoa muda, lakini hakiweki draiva ndani ya mgeni.

Windows 11 inasema kompyuta haifai

Inataka TPM 2.0 (chipu ya kutunza funguo za siri), UEFI yenye Secure Boot, prosesa 2, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Majukwaa yote makubwa yanaweza kutoa hivyo, kila moja kwa njia yake. VirtualBox ilipata TPM kwenye toleo la 7.0 la 2022, kwa hiyo aliyebaki na 6.1 apandishe toleo badala ya kuchokonoa rejista. Kwenye Hyper-V ni Generation 2, TPM iwashwe kwenye Security, na usisahau kwamba Hyper-V Manager humpa mgeni prosesa 1 tu usipobadilisha, na hiyo pekee inatosha kumfanya akataliwe. VMware Workstation hudai mashine isimbwe kwanza, na vSphere hudai mtoa funguo. Kwenye Proxmox ongeza EFI Disk yenye "Pre-Enroll keys" na TPM State ya v2.0.

TPM hizi hazihamishiki kutoka jukwaa moja kwenda jingine. Mgeni ambaye diski yake imesimbwa kwa BitLocker akihama ataomba ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Kabla ya kumhamisha: `manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`, na uwashe tena akishatulia.

Imewaka, lakini mtandao haupo

Kwenye Linux mara nyingi kadi ipo, ila jina limebadilika. Kadi iliyokuwa `ens192` kwenye VMware huwa `ens18` kwenye Proxmox, na mipangilio yako bado inaitaja ya zamani. `ip link` itakuonyesha jina jipya, nawe rekebisha netplan au NetworkManager. FreeBSD hubadili hata herufi: `vmx0` ya VMware, `vtnet0` ya VirtIO, `hn0` ya Hyper-V. Ndiyo maana pfSense (ngome ya mtandao iliyojengwa juu ya FreeBSD) iliyohamishwa huuliza upya kadi ipi ni WAN na ipi ni LAN.

pfSense hiyohiyo ina ugonjwa mwingine juu ya VirtIO unaowachanganya watu: ping inapita, lakini kurasa hazifunguki. Ingia System, Advanced, Networking, weka alama "Disable hardware checksum offload", kisha ianzishe upya.

Windows isiyo na draiva ya VirtIO haitaona kadi kabisa, na suluhisho ni NetKVM kutoka ISO ileile. Ukiweka anwani ya IP ya kudumu ukaambiwa tayari imetolewa kwa kadi nyingine, kadi ya zamani bado imo kama mzuka. Fungua Device Manager, "Show hidden devices", uifute.

Saa imerudi nyuma kwa saa 3

Windows husoma saa ya ubao ikidhani ni saa ya hapo ilipo. Linux na KVM huiweka kwa UTC. Mgeni wa Windows aliyeingizwa Proxmox akiwa ameandikwa kama Linux au "Other" atapewa UTC, naye Dar es Salaam au Nairobi atakuwa nyuma kwa saa 3. Bujumbura ni 2, Muscat ni 4. Tofauti yenyewe inakutajia ugonjwa. Si jambo dogo, kwa kuwa Kerberos, inayothibitisha watumiaji wa domain (mtandao wa ofisi wa Windows), huvumilia tofauti ya dakika 5, na watumiaji wa domain watakataliwa kuingia huku wewe ukitafuta kosa kwenye nywila. Andika aina sahihi ya mfumo kwenye Options, au `qm set 101 --localtime 1`. VirtualBox ina alama ya "Hardware Clock in UTC Time": iondoe kwa Windows, iweke kwa Linux.

Wazee: XP na Windows 7

Bado zipo, kwa sababu ya programu ya uhasibu au ya mashine ya maabara isiyo na toleo jipya. Wape vifaa vya enzi zao. XP iwekwe kwenye BIOS, diski ya IDE, maana CD yake haina draiva ya SATA. Kwa kadi ya mtandao kwenye VirtualBox, chagua Intel PRO/1000 T Server, ambayo XP huitambua bila draiva ya ziada. Ile ya MT Desktop inawafaa Vista na kuendelea. Kwenye Hyper-V ni Generation 1 na "Legacy Network Adapter", na usitegemee kupata `vmguest.iso`, kwani matoleo ya Hyper-V kuanzia Windows Server 2016 hayaji nayo tena. Windows 7 ikisimama milele kwenye "Starting Windows" chini ya UEFI, irudishe kwenye BIOS. Katika kazi hii VirtualBox na QEMU (inayotumiwa na Proxmox) ni wavumilivu kuliko Hyper-V, na sioni sababu ya kulazimisha. Mgeni kama huyo asipewe intaneti.

Mac

Mac zenye chipu za M1 na kuendelea, tangu Novemba 2020, ni ARM. ISO ya `amd64` haitawaka kwenye Parallels wala Fusion, majukwaa ya Mac, kwa njia ya kawaida, tafuta ya `arm64`. Windows 11 ya Arm inakubalika, na Microsoft iliidhinisha matumizi yake kwenye Parallels Februari 2023. UTM inaweza kuigiza x86 kupitia QEMU, lakini kwa kasi ya kukatisha tamaa. Upande wa pili, leseni ya Apple hairuhusu macOS kuendeshwa kwenye kompyuta isiyo ya Apple, na mpangilio wowote utakaoupata hautabadili hilo.

Imewaka vizuri, lakini mwenye programu anakataa kukusaidia

Hapa ndipo neno "haiungwi mkono" lina uzito wake halisi. Mfumo kuwaka ni jambo moja, kuwapo mtu atakayepokea simu yako ni jambo jingine. Microsoft huwahudumia wateja wa Windows Server walio kwenye majukwaa yaliyopita mpango wake wa ukaguzi uitwao SVVP. VMware ina orodha yake ya mifumo kwa kila toleo la ESXi, Red Hat ina yake ya mahali ambapo RHEL imethibitishwa. Mashine ya hifadhidata ya mishahara ikague kwenye orodha hizo kabla ya kuhama, na angalia toleo la jukwaa pia, kwa kuwa mfumo uliomo kwenye orodha ya toleo moja unaweza kuondolewa kwenye linalofuata. CentOS 7 iliisha 30 Juni 2024, Windows Server 2012 R2 iliisha 10 Oktoba 2023, Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo ya kawaida 14 Oktoba 2025. Hizo zote huwaka bila shida kwenye Proxmox, na ukifungua tiketi kuhusu mgeni mwenyewe, swali la kwanza utakaloulizwa ni lini utapandisha toleo.